Tope Jeupe

Suruali ya kazi ya fundi bomba iliingia kwenye karai kila siku wiki ile, na kila siku maji yalibaki meupe kama yaliyooshewa mchele. Mkewe alikuwa amezifua nguo za mume huyo tangu waoane na alizijua tabia zake. Watu wa mlimani walimwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zake wawili. Udongo wa shambani ulikuwa mwekundu na uling'ang'ania kwenye pindo. Wa barabarani ulikuwa mweusi wenye changarawe. Huu haukuwa wa huku wala kule. Uliteleza vidoleni kama sabuni, na ulipokauka ukawa unga kama majivu.

Alimwaga maji nyuma ya banda la kuku, upande ambao mlango wa jiko hauoni. Ila mkwewe, ambaye wote walimwita Bibi, aliyekaa kwenye kiti chake karibu na mlango huo tangu miguu yake ilipovimba, hakuhitaji kuona kila kitu ili ajue kinachoendelea.

"Lete nione," alisema.

"Uone nini, Mama?"

"Hayo maji unayoyamwaga kwa wizi."

Mama Pacha akaleta karai. Bibi alichovya kidole kwenye masalia, akasugua kwa gumba, akanusa, kisha akagusisha kwenye ncha ya ulimi. Alikaa hivyo kitambo, kinywa wazi kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Halafu akauliza mwanawe anayatoa wapi matope hayo. Mama Pacha akasema kwenye tangi, huko juu kwenye chemchemi. Bibi akauliza tangu lini. Mama Pacha akasema tangu mvua zilipokolea.

"Mvua haifiki lilikokaa tope hili," Bibi alisema, akajifuta kidole kwenye kanga. "Hili linatoka tumboni mwa mlima."

Hapakuwa na mtu mlimani asiyeijua habari hiyo, hata watoto wa shule. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na mahame, misingi ya mawe iliyomezwa na nyasi, ambako wazee wao walikaa zamani baada ya kuikimbia homa ya bondeni. Waliishi pale vizazi kadhaa mpaka asubuhi moja chemchemi ikatoka nyeupe. Bibi alikuwa binti wa kumbeba mdogo wake mgongoni. Babu yake alitazama maji, akamwaga mtungi, akaamuru watu wafungashe. Kijiji kizima kiliteremka kwenye mazizi ya kondoo, kikalala na kondoo, kikagombana kwa sababu ya kulala na kondoo, na wengine wakaanza kumtukana mzee yule waziwazi. Kisha upande ule wa mlima ukashuka wote juu ya nyumba tupu. Kilichokufa ni jogoo mmoja aliyekuwa amerudi zake nyumbani. Watoto walipenda sana kipande hicho cha jogoo.

Baadaye walijenga kwenye bega hili la mlima, ambako maji yalichimbuka upya, na wakakubaliana jambo moja: anayefika wa kwanza chemchemini alfajiri atazame rangi ya maji kabla ya kuteka. Wanawake walifanya hivyo miaka na miaka, bila kufikiri, kama mtu anavyopiga hodi.

Kisha bomba likaja, na fundi aliyelijenga ni mwana wa Bibi mwenyewe. Alizungushia chemchemi saruji, akaweka mfuniko wa chuma, akajenga tangi ambamo maji huingia na kutulia, tope likae chini, maji masafi yateremke mabombani. Kazi ilikuwa nzuri. Kuhara kwa watoto kulipungua, na wanawake hawakupanda tena kilima na ndoo kichwani. Hawakuiona tena chemchemi pia. Aliyeiona ni fundi peke yake, alipokwenda kufungulia koki ya chini kutoa tope. Zamani alikwenda mara moja kwa mwezi. Tope lilipoongezeka alifanya ambacho fundi yeyote mwenye kujali kazi yake angefanya, akaongeza safari. Kijiji kilikunywa maji ya kung'aa, na dalili ikaishia kwenye suruali yake.

*

Aliporudi jioni alimkuta mama yake ameweka karai miguuni, na mkewe amejitia kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Alielewa kabla hajavua viatu. Alisema mvua za mwaka huu ni nyingi, kila mahali pana matope. Mama yake akamuuliza mvua hutoa udongo wa rangi gani. Fundi akainama kuvua viatu.

"Uliliona," Bibi alisema.

"Niliona udongo, Mama. Nikausafisha. Ndiyo kazi yangu."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Nikifungua mdomo tu watasema Bibi Chokaa kamzaa Chokaa Mdogo."

Mama Pacha alitazama chini. Hilo lilikuwa jina ambalo watu walilisema nyuma ya mgongo wa Bibi, na fundi hakuwahi kulitamka mbele yake. Lilitokana na mwaka ambao maji yalitoka meupe kweli, kabla ya bomba, na Bibi akapita nyumba kwa nyumba akiwatoa watu kwa fimbo, wagonjwa na wazazi wenye vichanga, wakalala bondeni kwenye mvua. Kumbe bwana mmoja alikuwa anachimba udongo mweupe wa kupaka nyumba yake kama chokaa kwa ajili ya harusi, hatua chache juu ya chemchemi. Watu walicheka mpaka wakachoka, ila kichanga kimoja kilishikwa na kichomi, na mama wa kile kichanga hakumsamehe Bibi.

Bibi hakulikasirikia jina. Aliuliza tu kama safari hii kuna mtu anayeoa. Fundi akasema hakuna.

"Basi kesho waambie. Wakicheka, na wacheke. Sisi tutashuka."

*

Fundi alikwenda bombani asubuhi na ndoo ya tope. Mama Pacha alimfuata kwa mbali, akisingizia kuteka maji. Mumewe hakuwa msemaji. Alieleza habari ya tangi na koki, na jinsi tope linavyotua, mpaka watu wakapotea katikati ya maelezo. Mwenyekiti wa maji, mzee mpole aliyempenda fundi kama mwanawe, alichukua bilauri, akaikinga bombani, akainyanyua kwenye jua ili wote waone, kisha akaigugumia yote.

"Tamu," alisema, na watu wakaangua kicheko.

Muuza mkaa akauliza bwana harusi ni nani safari hii, ili naye akatafute viatu. Mwanamke mmoja alisema kwa upole kwamba mama mkongwe anastahili heshima, lakini mtu akishazeeka hofu zake za utotoni humrudia. Wengine walikuwa na hoja zao, na hazikuwa za kijinga. Viazi vilikuwa vimebakiza wiki chache vichimbwe. Ng'ombe watakwenda wapi? Huko chini nani atampokea nani, na kwa muda gani? Fundi alisimama na ndoo yake, na watu wakaanza kumpita kuteka maji.

Waliondoka siku hiyohiyo. Bibi alikalishwa kwenye kiti kilichofungwa mikanda, fundi akakibeba mgongoni kama watu wa mlimani wanavyobeba wagonjwa, uso wa mbebwa ukitazama nyuma. Kwa hiyo njia nzima Bibi aliwatazama waliobaki, waliokuwa wamesimama milangoni mwao. Aliagana na kila mmoja kwa alivyozoea kumwita, jirani, mkwe, shoga, mwanangu, na akawaambia kila mmoja atazame maji. Wengine walimpungia. Mabinti pacha walitangulia na kuku mikononi. Mama Pacha alibeba sufuria na godoro, na alimwomba Mungu waifikie kona upesi.

*

Waliteremkia kwa dada yake fundi, mtoto wa kwanza wa Bibi, aliyeolewa mjini pale chini ya mlima. Mumewe alipima mazao kwenye ghala la ushirika na watu walimwita Mizani. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, yenye sebule, vyumba viwili, na stoo ya magunia uani. Wifi aliwapokea kwa machozi. Alimwosha mama yake miguu, akampaka mafuta, akamlaza kitandani kwake mwenyewe, akampigia mumewe simu aje na nyama.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Mizani aliketi na mkwewe jioni na kumuuliza habari za zamani, nani alihamia mlimani kabla ya nani, ukoo upi ulipewa shamba na ukoo upi, na Bibi akamweleza yote kwa mpangilio, kwa kuwa alikuwa hazina ya mambo hayo na siku hizi hakuna aliyekuwa akimuuliza. Fundi alipata kibarua cha kuchimba mtaro wa mabomba kwenye zahanati. Asubuhi na mapema alipanda kwanza mlimani, akafungulia koki, akashuka. Tope lilizidi kuongezeka. Aliporudi mama yake alimuuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa.

Mlima haukufanya lolote. Kila asubuhi waliutazama kutoka uani, nao ulikuwa umekaa palepale, kijani kibichi, na moshi ukitoka kwenye paa za majirani zao.

Ubaya wa kukimbia hatari ni kwamba isipokuja unabaki na mizigo yako sebuleni kwa watu. Bibi alihamishwa kutoka kitandani akapelekwa chumba cha watoto, na kutoka chumba cha watoto akapelekwa stoo, penye hewa zaidi, alivyosema Wifi. Hakuna aliyegombana. Sukari ilihama kutoka mezani ikaingia kabatini, na kabati likapata kufuli. Pacha wakikaa kutazama televisheni, Mizani alikumbuka kwamba umeme unakwisha. Alianza kukohoa kabla ya kuingia sebuleni kwake, kikohozi kikavu cha kuwapa watu nafasi ya kutoka. Mama Pacha aliosha vyombo vyote, akafua nguo zote za nyumba ile, hadi fulana za ndani za shemeji yake, na siku moja mgeni wa jirani alimuita "dada wa kazi" na Wifi hakumsahihisha.

Mizani alikuwa na mzaha wake wa kila jioni.

"Vipi Mama, mlima wenu bado haujapata nafasi?"

Mara ya kwanza Bibi alicheka kuliko wote. Mara ya pili alitabasamu. Baadaye alijitia hamsikii, na Mama Pacha aligundua jambo ambalo hakumwambia mtu. Kuna jioni alitamani mlima uanguke. Usimdhuru mtu, uanguke kidogo tu upande usio na nyumba, shemeji yake apate kunyamaza.

Siku moja walipokuwa wakianua nguo pamoja, Wifi alianza kuzungusha maneno. Alisema mume wake ni mtu mzuri, hajasema neno. Ila mwanaume akinyamaza sana nawe unajua. Tena mwisho wa mwezi ghala linapokea mzigo na stoo itahitajika. Tena watoto wa shule wanataka utulivu.

"Simfukuzi Mama," Wifi alisema. "Nani anaweza kumfukuza mama yake? Nauliza tu, mpaka lini?"

"Mpaka tope likome."

"Na lisipokoma?"

Mama Pacha alikunja shuka. Usiku aliongea na mumewe habari ya kupanga chumba. Fundi alisema akilipwa zahanati watatafuta. Zahanati ilisema italipa kazi ikiisha.

*

Kilichotokea baada ya hapo kilikuwa kidogo mno, hata kukisimulia ni aibu. Bibi alikojoa kitandani. Choo kilikuwa ng'ambo ya ua, utelezi mtupu, naye hakutaka kumwamsha mkwewe aliyekuwa amechoka. Godoro lilikuwa la Wifi, la wageni, bado na nailoni upande mmoja. Asubuhi Mama Pacha alipotoka kuchota maji, Wifi alikwisha kulitoa, akalianika kwenye ua wa mbele, upande wa barabara, kwa sababu huko ndiko jua lilikofika kwanza. Pengine hakuwa na nia mbaya. Watu walipita kwenda kazini, watoto kwenda shule, wanawake kwenda sokoni, wote wakalitazama.

Mama Pacha alikimbia akaligeuza. Upande wa pili ulikuwa umelowa vilevile.

Aliporudi stoo alimkuta Bibi amevaa, amejifunga kanga mbili, amekaa kwenye kiti cha mikanda akishika magoti.

"Nirudisheni kwangu," alisema. "Mtu anakojoa kwake."

"Mama, na tope?"

"Nyie bakini na watoto. Mimi sili sana, nitajitazama. Mume wako si anakuja kila siku? Nikiona mambo mabaya nitamwambia anibebe."

"Subiri kidogo tupate chumba."

"Mmeshapata?"

Mama Pacha alimtazama mkwewe, mashavu yaliyoingia ndani, miguu ile kama mitungi, mikono iliyowapokea pacha wake wote wawili kwa sababu mkunga alichelewa. Alijua la kusema. Angeweza kusema, "Huendi, Mama, na kama ni godoro nitalilipa mimi." Maneno hayo yalimfika kooni. Lakini chini yake alihisi kitu kingine, wepesi, kama mtu aliyevua viatu vinavyombana, na wepesi ule ukatangulia.

"Haya," alisema. "Siku chache tu lakini."

Fundi alikataa. Alikataa kwa kusimama mlangoni bila kusema, ndiyo namna yake ya kukataa, mpaka mama yake akamwambia kwamba kama hambebi atakwenda kwa makalio, na watu wote wa mjini watamwona. Basi akainama, akapitisha mikanda mabegani. Wifi alitoka na pakiti ya majani ya chai, sukari, na shali yake mpya, akamfunika mama yake, akalia kidogo. Mizani alisema mkwe asisahau kuwasalimia wa mlimani. Pacha walimsindikiza bibi yao mpaka mwisho wa barabara ya lami. Mama Pacha alibaki kufua foronya ya godoro.

Mchana ule Wifi alichemsha chai, akatia sukari nyingi, akamwambia wifi yake akae, apumzike, kazi haziishi. Waliongea vizuri. Walicheka hata.

*

Mvua ilikatika. Jua likatoka, barabara zikakauka, watu wakaanza kusema hatari, kama ilikuwepo, imepita. Fundi alipanda kila asubuhi kama kawaida. Alimkuta mama yake amekaa mlangoni, majirani wamemletea kuni na maziwa, kwa sababu kurudi kwake kuliwafurahisha sana. Kama Bibi Chokaa mwenyewe amerudi, basi. Mwenyekiti wa maji alikuja kunywa chai naye. Waliokuwa na wasiwasi kidogo mioyoni mwao wakautoa.

Fundi alimwambia mkewe kwamba tope limepungua. Alisema hivyo kwa furaha. Ni baadaye tu ndipo wataalamu walipomweleza kwamba maji yalikuwa yamepata njia nyingine ya kupita.

Ilikuwa mchana kweupe. Mama Pacha na Wifi walikuwa sokoni wakibishana na muuza nyanya. Waliposikia mngurumo walidhani lori limemwaga kokoto kwenye ujenzi wa zahanati. Muuza nyanya ndiye aliyekuwa anatazama upande ule. Mkono wake ulibaki juu, na nyanya ndani yake.

Vumbi lilipanda likafunika bega zima la mlima. Lilipotulia, pale palipokuwa na kijani palikuwa na jeraha jeupe, refu, kutoka karibu na kilele mpaka korongoni. Nyumba za juu hazikuwepo, na moshi haukuwepo. Fundi alikuwa ameitupa sururu mtaroni na kukimbia, na mkewe alimpita njiani bila kumtambua, kwani alikuwa amekaa chini, mdomo umejaa vumbi.

Walichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Walimpata mwenyekiti wa maji na mkewe. Walimpata muuza mkaa, amemkumbatia ndama. Wengine waliwapata kwa sehemu. Nyumba ya Bibi hawakuiona kabisa, hata bati. Katikati ya lile jeupe maji yalikuwa yanabubujika kwa raha zao, mazito kama uji, na udongo ule uleule uliwakaukia watu mikononi na kuwapasua ngozi.

*

Matanga yalikuwa kwa Mizani, kwa kuwa ndiyo nyumba iliyobaki. Alitoa sebule, akatoa stoo, akakopa viti, akanunua mchele gunia zima, na hakuna aliyeweza kusema alifanya uchoyo. Alipokea watu mlangoni na kuwaeleza habari, kwa huzuni ya kweli, macho mekundu. Alisema walimsihi Mama abaki. Wazee unawajua, alisema, mtu na kwake. Siku ya pili habari ilikuwa imepata nyama. Mama alikataa kata kata. Siku ya tatu alikuwa amesema, mbele ya mashahidi, kwamba alizaliwa mlimani na atafia mlimani. Waliokuja walitikisa vichwa. Wengine walisema hayo ndiyo mapenzi ya ardhi. Wifi, amelazwa mkekani, alilia akisema, "Mama yangu mbishi, mama yangu mbishi wewe," na kila alipolisema hilo lilizidi kuwa kweli.

Mama Pacha aligawa chai. Alipita na trei katikati ya maneno hayo na kusikia jinsi mkwewe anavyogeuzwa mtu mwingine, bikizee king'ang'anizi asiyeambilika. Alijaribu kumtazama mumewe. Fundi alikaa uani, mikono mapajani, na hakuwa amesema neno tangu waache kuchimba.

Wiki iliyofuata walikuja watu wa serikali. Walitandika turubai kwenye uwanja wa shule, wakaweka meza na viti, na waliosalimika wakaitwa ukoo kwa ukoo. Aliyekaa mezani alikuwa binti mwenye miwani, mwenye heshima, sauti ya chini. Alieleza kwamba wanaandika habari za pale mlimani, watu walifikaje, nyumba zilikaaje, na siku ile ilikuwaje, ili ijulikane, na ili wanaokaa milima mingine wajifunze. Wifi alikaa kiti cha kwanza, Mizani nyuma yake, kisha fundi na mkewe.

Binti aliuliza kama kulikuwa na dalili yoyote kabla. Ukoo uliotangulia, wake mwenyekiti wa maji, ulikuwa umeshajibu kwamba haikuwepo, maji yalikuwa masafi mpaka siku ya mwisho. Mizani alisema mlima ni kazi ya Mungu, nani angejua. Kisha binti akauliza habari za marehemu, na kwa nini alikuwa peke yake nyumbani wakati familia yote ilikuwa mjini.

"Alikataa kuondoka," Mizani alisema. "Tulimbembeleza sana."

Wifi aliitikia kwa kichwa, leso puani. Binti akainama kuandika.

Mama Pacha alikuwa na watoto wawili waliokuwa wanalala kwenye stoo ya mtu huyu, wakila mchele wa mtu huyu, na kesho watalala hapo tena. Alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua kitu kingine chochote.

"Hakukataa," alisema.

Binti aliinua macho.

"Aliondoka wa kwanza. Yeye ndiye aliyetuondoa sisi wote. Alilijua tope hilo kabla ya mtu yeyote, akasema, watu wakamcheka, akashuka akakaa hapa mjini."

"Sasa ikawaje akarudi?"

Mizani alianza kukohoa. Wifi aligeuka kwenye kiti akamtazama wifi yake, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa unaomba.

"Tulimchoka," Mama Pacha alisema.

Binti alishika kalamu hewani. Aliuliza kwa sauti ndogo zaidi kama aandike hivyo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena, akasema labda ataandika tu kwamba marehemu alikuwa nyumbani kwake.

"Andika," alisema fundi.

Sauti ilimtoka kavu, kama bomba lililokaa bila maji. Wote wakamgeukia.

"Andika alivyosema mke wangu. Na uandike aliyembeba kumrudisha ni mimi. Alinielekea mgongo njia nzima, akawa anawaaga wanangu mpaka kona. Sikumsikia akilia. Maji yaliyonilowesha mgongo nilidhani ni jasho langu."